Tasfida na Dodoso la Saratani ya Tezi Dume
Mgonjwa wa saratani ya tezi dume huulizwa mambo ambayo mila humtaka ayasitiri: mkojo unaomponyoka, choo, tendo la ndoa. Dodoso liitwalo EPIC-26 lina maswali 26 ya namna hiyo. Likijazwa kwa simu, mzee haoni haya mbele ya muuguzi aliye rika la bintiye. Faida si staha tu. Katika utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2017, wenye wagonjwa 766 wa saratani mbalimbali, nusu ya walioripoti dalili kwa kompyuta waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wenzao ilikuwa miezi 26.

Hata hivyo, mjini Isiolo, ambako Waborana, Wasomali, Waturkana na Wameru hukutana kwa Kiswahili, tasfida yaweza kupotosha. Mfugaji akiulizwa kuhusu "nguvu za kiume" huenda akafikiria nguvu za kuteka maji kisimani, akajibu kuwa anazo tele. Muuguzi angeshuku, akauliza tena. Simu hupokea jibu na kulituma. Kwa hiyo dodoso la simu halina budi kutaja kusimama kwa uume waziwazi, na kwa asiyejua kusoma, kwa sauti iliyorekodiwa, mradi isisikike nyumba nzima.