Utani Unapogeuka Uonevu

Mtoto anaporudi kutoka shule akilia, wengi wetu hapa Karagwe na Kyerwa humjibu: "Walikuwa wanakutania tu." Tulipime jibu hilo. Utani una pande mbili: anayetaniwa hujibu, na wote wakacheka. Uonevu hurudiwa, humlenga mtoto yule yule, naye hana nguvu ya kujibu. Hunyang'anywa daftari njiani, huchekwa kwa ulemavu wake, au huambiwa "rudi kwenu" kwa kuwa ana ndugu ng'ambo ya Mto Kagera. (Neno hilo la mwisho, tukiri, watoto wamelisikia kwetu sisi watu wazima.)

Katika vipindi vya Utoto Mtakatifu tunaweza kusoma nao Mwanzo 37. Ndugu zake Yosefu walipokusudia kumwua, Rubeni aliwashauri wamtupe kisimani tu, akitaka kumwokoa baadaye kwa siri. Aliporudi, Yosefu alikuwa amekwisha kuuzwa. Tuwaulize watoto: Rubeni angefanya nini zaidi? Angebaki pale. Angemwambia baba.

Hayo mawili ndiyo tuwafundishe. Anayeonewa aseme "Acha!" kwa sauti, aende walipo watu, asirudishe ngumi; anayeshuhudia asimwache peke yake. Kisha wamwambie mzazi au mwalimu, na huyo asipochukua hatua, wamwendee mwingine. Namba 116, simu ya watoto, hupigwa bila malipo.

Nasi wazazi na walezi, tukiambiwa, tusianze kwa kuuliza: "Wewe ulimfanya nini?"