Mlango wa Chuo Ulifunguliwa Kidato cha Pili

Mwezi wa Januari, matokeo ya KCSE yalipotangazwa, tulikwenda kumpa mkono wa heri binti wa jirani yetu aliyepata wastani wa B. Udi ulifukizwa, halua na kahawa zikapitishwa. Miezi michache baadaye furaha ile ilififia. Binti alitaka kusomea uhandisi, lakini fizikia aliiacha alipoingia Kidato cha Tatu, kwa kuwa wenzake wachache ndio walioichagua. Alama zilikuwa nzuri. Somo lenyewe halikuwapo.

Twasimulia haya kwa idhini ya mamake, kwa sababu wazazi wengi hudhani kuwa njia ya chuo huamuliwa na mtihani wa Kidato cha Nne pekee. Kumbe katika mfumo wa 8-4-4 ilianza kuamuliwa mwishoni mwa Kidato cha Pili, mwanafunzi alipochagua masomo ambayo angeendelea nayo.

KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, hutazama mambo mawili. La kwanza ni wastani: shahada hudai C+ au zaidi. La pili ni kundi la masomo manne yanayohusiana na kozi yenyewe. Uhandisi hudai hisabati, fizikia na kemia. Udaktari hudai bayolojia na kemia. Wastani mzuri haulipi pengo la somo lililoachwa. Aliyekosa C+ naye asikate tamaa, kwani diploma nyingi hupokea kuanzia C-. Lakini huko pia masomo huangaliwa.

Wanafunzi walioingia Kidato cha Kwanza mwaka wa 2024 ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4. Mwaka wa 2025 walikuwa Kidato cha Pili, na fomu za kuchagua masomo zilikuwa karibu. Kwa hivyo tuliwausia wazazi wenzetu mambo matatu.

Kwanza, keti na mwanao kabla fomu haijajazwa. Muulize angependa kufanya kazi gani, kisha mtazame pamoja kozi hiyo yataka nini.

Pili, usikubali somo liachwe kwa sababu ya alama moja mbaya au kwa kufuata marafiki.

Tatu, tazama saa za binti nyumbani. Atokapo shule huenda madrasa, kisha humngoja jiko na vyombo, hali kakake amefungua kitabu. Kazi hizo zigawanywe baina yao, naye apate muda wa kudurusu kabla usingizi haujamshika.

Binti wa jirani yetu atasoma kozi nyingine, na twamuombea kheri. Mdogo wake alikuwa Kidato cha Pili mwaka wa 2025. Mamake aliketi naye jikoni baada ya Isha, wakapitia masomo moja baada ya jingine. Fizikia haikufutwa.