Ramani Isikuingize Mjini!

Siku hizi kuna vijana wanatembea na GPS mkononi kama urembo. Poa tu, ila GPS bila ramani ni saa bila mishale. Mimi kabla ya kupanda vilima vya Ijuganyondo, hapa Bukoba, nauliza: humo ndani mna ramani gani?

Ziko aina mbili. Kuna ramani ya picha, yaani ile ya karatasi iliyopigwa skana. Inapendeza, lakini inakula nafasi, na ukiikuza sana inakuwa ukungu mtupu. Nyingine imechorwa kwa mistari na nukta. Hiyo ni nyepesi, ukiikuza haififii, na inaweza kukutafutia njia. Mimi naichagua hiyo. Ya bure ipo, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Wanaichora watu wa kujitolea, kwa hiyo kichochoro ambacho hakijachorwa hukioni.

Sasa sikia, mshikaji. Ramani nyingi za zamani za serikali zilitumia vipimo vya Arc 1960, wakati GPS kwa kawaida huja na WGS 84. Ukihamisha namba bila kubadili vipimo, unakosea kwa mita kama 300. Kwenye migomba ya Kagera, hapo uko kibanja cha mtu mwingine kabisa. Unaweza kuuziwa kiwanja ukaishia kuhesabu ndizi za jirani!

Badili vipimo kwanza, ndipo utembee. Na mipaka ya kiwanja mwachie mpima ardhi.