Jicho la Mwenzako, Kumbukumbu Yako

Mwaka jana, katika staji ya ualimu, nilipewa darasa la 7 katika shule moja ya hapa Lubumbashi. Wanafunzi walikuwa 62, madawati hayakutosha, na somo langu lilikuwa Kifaransa. Siku moja kijana mmoja alisimama ubaoni akaandika «j'ai allé». Nikamweleza kwamba kitenzi «aller» hakiendi na «avoir», kinakwenda na «être»: «je suis allé». Nilipokuwa namsahihisha, nikaona msichana mmoja karibu na dirisha ameacha kuandika, anatutazama sisi wawili. Nikamkemea: «Tazama daftari lako! Mambo ya mwenzako hayakuhusu.» Akainamisha kichwa. Darasa zima likainama pamoja naye.

Juma lililofuata niliwauliza mmoja mmoja. Kosa lile lile likatoka katika vinywa vya wengi. Yule msichana hakukosea. Najua kwamba darasa moja si ushahidi wa kutosha, lakini swali halikunitoka: je, kumtazama mwenzako anapofundishwa ni kupoteza umakini, au ni njia mojawapo ya kuweka jambo kichwani? Katika makala hii nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu yale niliyoyapata nilipotafuta jibu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Umakini wa kijamii ni ile tabia ya binadamu ya kupeleka macho na akili yake pale wenzake wanapopeleka yao. Kumbukumbu nayo si gunia linalopokea kila kitu. Jambo lililopita bila kuangaliwa kwa kawaida halibaki. Kwa hiyo, mtu anayeyaongoza macho yetu anashiriki kuchagua tutakachokumbuka kesho.

Tuanze na mtoto mdogo. Mama anasonga bukari, mtoto wake anachezea kikombe. Mama anasema: «Mwiko!» Kama mtoto angeunganisha kila neno na kitu anachokitazama yeye mwenyewe, angekiita kikombe «mwiko». Mbona watoto hawapotei hivyo kila siku? Mtafiti Dare Baldwin alilichunguza jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Alimpa mtoto kitu kigeni cha kuchezea, na kingine akakitia ndani ya ndoo. Mtoto alipokuwa anakitazama chake, mtafiti alitazama ndani ya ndoo na kutaja neno jipya, lililobuniwa. Watoto wa miezi 18 hadi 19 waliinua macho, wakamtazama msemaji usoni, wakafuata macho yake. Walipoulizwa baadaye ni kipi chenye jina lile, walielekea kuchagua kile cha ndani ya ndoo. Maana yake ni kwamba neno lilishikamana na kitu ambacho msemaji alikikusudia, hata kama wakati huo mtoto alikuwa anaona kingine.

Sauti za lugha pia zinafuata njia hiyo. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walieleza jaribio walilofanya na watoto wachanga wa Marekani wenye miezi 9. Watoto hao walikutana na lugha ya Kichina cha Mandarin mara 12. Waliocheza uso kwa uso na mtu anayesema lugha hiyo walijifunza kutofautisha sauti zake. Waliosikia na kuona mambo yale yale kwa televisheni, au kwa sauti peke yake, hawakupata faida hiyo.

Sasa nirudi kwa yule msichana wa dirishani. Utafiti unaomhusu zaidi ni ule wa Maricela Correa-Chávez na Barbara Rogoff, wa mwaka 2009, uliowalinganisha watoto wa Kimaya wa Guatemala na watoto wa Marekani wenye asili ya Ulaya. Ndugu wawili walikaa pamoja: mmoja alifundishwa kutengeneza kitu cha kuchezea, na mwingine alingoja zamu yake ya kufanya kazi tofauti. Juma moja baadaye, yule aliyekuwa anangoja aliitwa naye atengeneze kile alichofundishwa nduguye. Watoto wa Kimaya wa familia ambazo akina mama hawakusoma shule kwa muda mrefu ndio waliokuwa wametazama kwa makini zaidi, na walihitaji msaada mdogo zaidi. Watafiti wanalihusisha jambo hilo na malezi: katika familia hizo mtoto yupo penye kazi za wakubwa, na anatarajiwa kuona bila kuambiwa «hili ni somo lako».

Nani kati yetu alipewa somo la kupika sombe? Tulikaa karibu na mbabula, tukamwona mama akimsahihisha yaya, tukashika. Kisha tukaingia shuleni, tukaambiwa tutazame chini.

Na watu wazima je? Tabia hii haiishi utotoni. Mwaka 2013 Terry Eskenazi na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wakikaa pamoja mbele ya maneno, kila mmoja akijibu aina yake tu, kwa mfano mmoja majina ya wanyama na mwingine vyombo vya nyumbani, baadaye kila mmoja anakumbuka maneno ya mwenzake kuliko maneno yasiyokuwa ya yeyote. Hakuna aliyewaagiza wayashike.

Lakini mwenzako anaweza pia kuzuia kumbukumbu yako. Mary Susan Weldon na Krystal Bellinger walionyesha mwaka 1997 kwamba watu watatu wakikumbuka pamoja, kwa sauti, wanapata machache kuliko jumla ya yale ambayo watatu wengine wangepata kila mmoja peke yake. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba maneno ya mmoja yanakatiza njia ambayo mwingine alikuwa anaifuata kichwani.

Kwa sisi tutakaofundisha lugha katika madarasa yaliyojaa, naona mambo mawili. Wakati wa kupokea, sahihisho la mmoja liwe la wote: kalamu chini, macho ubaoni. Wakati wa kukumbuka, kila mmoja aandike kwanza peke yake, ndipo tusikilizane. Mimi niliyachanganya: niliwafungia macho wakati wa kupokea, halafu wakati wa marudio nikawaacha wajibu kwa pamoja, wenye sauti kubwa wakiwafunika wengine.

Nilikuwa nimebakiza majuma mawili ya staji. Siku nyingine mwanafunzi mmoja alipokuwa anasahihishwa ubaoni, nilimwona yule msichana ameinama juu ya daftari, lakini kalamu yake haikwendi. Nikamwita jina. Akauliza bila kuinua uso: «Mwalimu, naweza kutazama?»

Nikamjibu: «Tazama, mama. Na wewe inakuhusu.»