Ua la kopo lenye asili ya milima yetu

Lile ua dogo la zambarau linalowekwa kwenye kopo dirishani, lenye majani ya duara na manyoya laini, hujulikana kwa jina la Saintpaulia. Ulaya na Marekani hulifuga ndani ya nyumba. Lakini asili yake ni misitu ya huku kwetu: Usambara, Uluguru na milima mingine ya Tanzania na Kenya. Jina limetokana na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga. Alipeleka mbegu kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina hilo.

Je, linaweza kuishi nje? Ndiyo, ila si katikati ya uwanja. Msituni hukaa kwenye nyufa za miamba, kivulini, penye unyevu. Wazungu huliweka ndani kwa kuogopa baridi. Sisi wa Matombo tuogope jua. Liweke barazani upande usiopigwa jua, au chini ya migomba. Toboa kopo, maana maji yakituama mizizi huoza. Mwagilia udongo, majani yaache.

Tafadhali, msipande mlimani kwenda kuling'oa. Yale ya Uluguru ni ya nadra, na miti ya juu yake ikikatwa hukauka hata bila kuguswa. Mwombe jirani jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu. Baada ya wiki kadhaa utaona vichipukizi.