Tarakilishi Kuukuu Kuwa Seva ya Nyumbani: Mfano wa Rukanga

Utangulizi

Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Wengi wetu tuna tarakilishi kuukuu zinazokusanya vumbi kwa kuwa haziwezi kuhimili programu mpya. Makala haya yanaeleza jinsi zinavyoweza kugeuzwa seva za wavuti, na manufaa yake kwa kijiji kama Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, Kaunti ya Taita Taveta.

Dhana ya seva

Seva ni tarakilishi inayosubiri maombi na kuyajibu. Kisakuzi huomba ukurasa. Seva huutafuta katika diski yake na kuutuma. Kazi hiyo haihitaji mashine ya ajabu. Seva ya kwanza ya wavuti duniani, aliyoitumia Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1990, ilikuwa tarakilishi ya mezani iliyobandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime.

Hatua za utekelezaji

Kwanza, ichaguliwe mashine. Tarakilishi ya mezani inayotumia wati 80 mchana na usiku hula takriban yuniti 2 za umeme kwa siku, ilhali kipakatalishi cha wati 20 hula nusu yuniti tu. Aidha, betri ya kipakatalishi, ikiwa bado nzima, huiwezesha seva kuvumilia stima inapopotea. Kwa anayetegemea nishati ya jua, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Pili, uwekwe mfumo mwepesi na huria kama Debian, bila madirisha wala picha. Kumbukumbu ya gigabaiti 1 yatosha. Toleo la 13, la mwaka 2025, halina tena kisakinishi cha mashine za biti 32, kwa hivyo prosesa ichunguzwe mapema.

Tatu, isakinishwe programu ya Apache, na kurasa zihifadhiwe katika folda ya /var/www/html.

Nne, ruta iipe seva anwani isiyobadilika, mathalani 192.168.1.10. Mwenye simu iliyounganishwa na ruta hiyo huiandika anwani katika kisakuzi, na ukurasa hufunguka pasipo gharama ya bando.

Kizuizi na faida yake

Anwani ya aina hiyo haifikiki kutoka nje. Isitoshe, kampuni za simu aghalabu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, hata ombi litokalo Nairobi lisijue liingie nyumba ipi. Hata hivyo, kwa shule ya kijijini hilo si pigo. Kwa programu ya Kiwix, wanafunzi wanaweza kusoma Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, hata intaneti ikikatika.

Wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili

Seva tupu ni kabati tupu. Ngano, vitendawili na majina ya mimea katika lugha ya wenyeji wa Kasigau vinaweza kurekodiwa kwa idhini ya wazee, vikaambatishwa tafsiri ya Kiswahili, na kubaki mikononi mwa wenyewe. Diski kuukuu hufa bila kubisha hodi. Nakala ya pili iwekwe mahali pengine.

Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice na kudhihirisha kwamba Kiswahili chaweza kuibeba teknolojia. Kazi iliyosalia ni kuipa teknolojia hiyo maandishi ya kubeba, na kazi hiyo ni yetu.