Kusafisha Shamba Jipya Bila Dawa: Anza na Ndago

Umenunua kipande cha shamba Magarini, au familia imekugawia ardhi Ganze iliyolala miaka kadhaa bila kuguswa na jembe. Masika yanakaribia, na kila unayemuuliza anakwambia ukodi trekta au ununue dawa ya kuua magugu. Kabla ya kutoa pesa, chimba mashimo matano au sita sehemu mbalimbali za shamba, kila moja kina cha shubiri moja na nusu, uangalie kilichomo.

Ukiona viazi vidogo vyeusi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi, hiyo ni ndago. Juu ya ardhi utaitambua kwa majani membamba yanayong'aa na shina la pembe tatu. Ndago ni gugu sugu, na haisafishwi kama majani mengine.

Kwa nini haimalizwi na trekta wala moto

Majani mengi huzaa kwa mbegu, kwa hiyo ukiyapalilia kabla hayajachanua umeyapunguza. Ndago huzaa zaidi kwa viazi vyake. Kiazi kimoja kikichipua, vingine kwenye uzi huo huweza kubaki vimelala. Trekta ikikata uzi na kuvitawanya kwenye udongo wenye unyevu, vile vilivyolala huamka. Shamba huonekana safi kwa siku chache, kisha ndago hurudi kwa wingi. Moto nao huunguza majani ya juu tu, na shamba hupoteza majani makavu ambayo yangeoza yakawa mbolea.

Dawa nayo ina gharama zake. Sehemu nyingi za mwambao wetu zina udongo wa kichanga juu ya mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha maji haraka hadi kwenye visima. Upepo pia huweza kupeleka dawa kwenye mboga za jirani.

Tumia jua la kaskazi

Wakati mzuri wa kuanza ni Januari hadi Machi, ardhi ikiwa kavu. Tifua kwa jembe la meno, ambalo huinua viazi bila kuvikatakata. Viache juani wiki moja hadi mbili, ukigeuza udongo mara kwa mara, kwa kuwa kiazi cha ndago kikikauka kabisa hufa. Kisha kusanya kwa reki utoe nje ya shamba. Usivitupe kwenye shimo la mboji.

Mvua zikishaanza, ichoshe

Kila ndago inapotoa majani mapya, hutumia chakula kilicho kwenye kiazi. Ikiachwa wiki tatu au nne huanza kutengeneza viazi vipya. Basi palilia kila baada ya wiki mbili, hata kama majani ni mafupi. Usingoje ichanue.

Hapa ndipo wakulima wengi hukwama. Mtu husafisha ekari mbili kwa nguvu zote, kisha uwezo wake wa kupalilia unaishia nusu ekari. Mahindi yaliyobaki humezwa, na mbegu na jasho vimekwenda bure. Safisha eneo ambalo nyumba yako inaweza kulirudia kila wiki mbili. Sehemu iliyobaki ifyeke kwa panga majani yasitoe mbegu, uingoje msimu ujao.

Ifunike kwa kivuli

Ndago hupenda jua na hudhoofika kivulini. Panda kunde katikati ya mistari ya mahindi. Muhogo huchelewa kufunika ardhi, kwa hiyo nao upande pamoja na kunde katika miezi ya mwanzo. Viazi vitamu hutanda vizuri, na siku ya kuvichimba unapata nafasi nyingine ya kuokota ndago. Baina ya mimea tandaza majani ya mnazi, mabua au makumbi. Ndago huweza kupenya matandazo hayo, lakini majani mengine yatapungua na unyevu utabaki.

Usiilete mwenyewe

Samadi mbichi ya mbuzi hubeba mbegu za majani, basi iache ioze kwanza. Jembe la kuazima likung'ute udongo kabla halijaingia shambani, na miche ya kununua ichunguze kwenye udongo wake. Na usisahau kwamba si kila kilichoota ni adui. Mtsunga na mchicha wa porini ni mboga, vichume kabla ya kupalilia.

Pima kazi yako

Ndago haiishi kwa msimu mmoja. Weka vijiti vinne kuzunguka eneo la hatua moja kwa moja, na kabla ya kila palizi hesabu machipukizi yaliyo ndani. Idadi ikishuka palizi baada ya palizi, viazi vinaishiwa nguvu, endelea. Isiposhuka, huenda unachelewa kurudi. Ukihitaji mtu wa kuliangalia shamba pamoja nawe, muone afisa wa kilimo wa wadi yako, na umpelekee ndago moja iliyong'olewa pamoja na viazi vyake.